Shemeji, Unatoka Jasho?

"Vua koti," shemeji aliniambia.

Tulikuwa kwenye maegesho ya Pinkham Notch, New Hampshire, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, mwishoni mwa Januari. Jua lilikuwa bado halijachomoza. Kipimajoto cha gari kilikuwa kimesoma nyuzi 17 chini ya sifuri. Kila nikivuta pumzi vinyweleo vya puani vilishikana, nikiitoa vinaachana, na huyu mtu ananiambia nivue koti.

"Nivue?"

"Vua, litie kwenye begi. Ukianza kupanda huku unasikia joto, umeshakosea."

Shemeji yangu, mume wa dada, ameishi upande huo wa Marekani miaka mingi, na kila msimu wa baridi hupanda milima ya White Mountains kama vile wengine wanavyokwenda sokoni. Si mtu wa maneno mengi. Wiki moja kabla ya safari alinitumia orodha kwenye simu: soksi za sufu jozi mbili, glavu jozi tatu, kofia mbili, tochi ya kichwani, miwani ya theluji, thamosi. Mwisho kabisa, kwa herufi kubwa, PAMBA HAPANA. Niliitii orodha yote isipokuwa huo mstari wa mwisho. Chini ya kila kitu nilikuwa nimevaa fulana yangu ya pamba, ile ya siku zote, iliyolainika kwa kufuliwa mpaka maandishi ya kifuani hayasomeki. Nilijiambia fulana moja haiui mtu. Tena nani ataiona?

Nikavua koti. Lile sweta zito la chini yake, ambalo nalo nilitakiwa kulivua, nikageuka upande wa pili kama naifunga begi, nikalibakiza.

Tukaondoka. Jambo la kwanza lililonishangaza halikuwa baridi, ilikuwa sauti. Nilidhani theluji ni kitu cha kimya. Kumbe theluji yenye baridi kali hulia. Ikikaribia sifuri hukanyagika bila kelele, lakini ikiwa chini ya nyuzi kumi hasi chembe zake haziteleziani tena, zinasagana na kuvunjika, na kila hatua inatoa kwi, kwi, kwi, kama bawaba isiyoonja mafuta. Zaidi ya hapo hapakuwa na sauti yoyote. Theluji mpya sehemu kubwa yake ni hewa iliyonaswa kati ya chembe, na hewa hiyo humeza sauti kama godoro. Shemeji akiwa hatua kumi mbele yangu alikohoa, nikasikia kama amekohoa ndani ya kabati.

Hapo nikagundua pia kwamba sina maneno. Kiswahili kilichukua "theluji" kwa Waarabu na "barafu" kwa Waajemi, na huko yalikotoka la Kiarabu huweza kubeba yote mawili, ile inayoanguka na ile iliyoganda, na la Kiajemi ni ile inayoanguka. Sisi tukayagawia kazi, moja la angani, jingine la kwenye friji, tukaridhika. Ukishafika mlimani maneno mawili hayatoshi hata kidogo. Shemeji kwa miaka yote hiyo amejitungia ya kwake. Theluji mpya isiyoshikana anaiita unga. Iliyoyeyuka ikaganda tena chembe chembe ni sukari. Iliyopigwa na upepo ikashikamana ikawa ngumu ni ubao. Na ile barafu ya rangi ya buluu inayovuja kwenye miamba na kugandia njiani ni kioo. "Leo," alisema bila kugeuka, "huku chini unga juu ya ubao, kule juu ubao mtupu, na pale kwenye mwinuko usishangae kukuta kioo." Nilielewa kila kitu. Hakuna kitabu kingenieleza vizuri zaidi.

Njia tuliyoishika kuupanda Mount Washington inaitwa Tuckerman Ravine Trail. Mwanzoni ni pana, na wakati huo wa mwaka imeshashindiliwa na miguu ya waliotangulia mpaka imekuwa kama barabara nyeupe katikati ya misonobari. Kosa ni kutoka pembeni. Nilimpisha mtu aliyekuwa anateremka, nikakanyaga hatua moja nje ya njia, mguu ukazama hadi pajani. Unaweza kucheka, mimi mwenyewe nilicheka, lakini kuutoa mguu huo ni kazi ya mtu mzima. Ndiyo maana theluji ikiwa mpya watu huvaa vile viatu vipana kama nyungo, vinavyosambaza uzito wa mwili. Na si kwa ajili yako tu. Shimo unalotoboa leo linaganda usiku, na kesho asubuhi ni mtego wa kuvunja kifundo cha mguu wa mwenzako. Wapandaji wa huko hawamsamehe mtu anayetoboa njia. Shemeji, ambaye sijawahi kumsikia akimsema mtu, aliona mstari wa mashimo kama hayo akasonya.

Baada ya nusu saa tukafika karibu na maporomoko ya Crystal Cascade, ambayo kwa wakati huo yalikuwa pazia la barafu, maji yakisikika kwa mbali yakipita nyuma yake. Mapambazuko yalikuwa yameanza. Nilikuwa najisikia vizuri mno. Nimechangamka, damu inakwenda, nampita shemeji, namngojea, nampita tena. Nilikuwa na hamu ya kuonyesha kwamba baridi hainiwezi. Akasimama, akanitazama kichwani badala ya usoni.

"Shemeji, unatoka jasho?"

"Hapana, shemeji."

"Mbona kichwa kinafuka?"

Nikapeleka mkono. Kweli, nilikuwa nimevua kofia, na kwenye mwanga wa tochi yake mvuke ulikuwa unapanda kutoka utosini kwangu, mwingi, wa kutulia, kama chungu kilichofunuliwa. Nikasema ni pumzi. Hakubisha. Alisema tu tupunguze mwendo, akatangulia yeye, na kuanzia hapo tukaenda mwendo ambao niliuona ni wa kusindikiza bibi harusi.

Nilichelewa sana kuelewa alichokuwa anakilinda. Sisi jasho tunaliheshimu. Mtu hula jasho lake, hujenga kwa jasho lake, na asiyetoka jasho tunamtilia shaka. Mchumia juani hulia kivulini. Nilipanda mlima na heshima hiyo yote kichwani, nikiamini kwamba mtu anayelowa ni mtu anayefanya kazi. Kwenye theluji hesabu ni nyingine. Mwili unaopanda mlima ni tanuri, unatoa joto jingi kuliko unalohitaji, na njia yake ya kujipoza ni kujimwagia maji. Ukiwa mbioni huyasikii. Unayasikia ukisimama. Maji hunyonya joto la mwili takriban mara 25 kuliko hewa iliyotulia, kwa hiyo nguo iliyolowa haikukingi tena, inakuchuja. Sufu ikilowa bado huhifadhi joto kiasi. Pamba ikilowa inalala juu ya ngozi kama jani la mgomba lililotoka mtoni, na hairuhusu kukauka. Baridi ya nje unaweza kuizuia kwa koti. Maji yaliyotoka ndani yako utayazuia kwa nini?

Kwa hiyo kupanda mlima kwenye theluji, kwa kiasi kikubwa, ni kazi ya kuvua na kuvaa. Unavua kabla hujasikia joto, unavaa kabla hujasikia baridi. Unafungua zipu shingoni, unapandisha mikono ya shati, unashusha kofia, unaipandisha. Anayejua hatulii. Mgeni huanza na makoti matatu, anayabeba mpaka yalowe yote, halafu anashangaa.

Niuseme mlima wenyewe. Mount Washington una urefu wa mita 1,917. Kwa namba hiyo tu mtu anaweza kuudharau, na wengi wameudharau. Wenyeji wa asili, Waabenaki, waliuita Agiocochook. Umekaa mahali ambapo njia za dhoruba kadhaa hukutana, na safu yake imelala kaskazini kwenda kusini kama ukuta uliowekwa makusudi kuzuia upepo wa magharibi. Upepo ukifika hapo hauna pa kupita isipokuwa juu, unabanwa, unaongeza kasi. Tarehe 12 Aprili 1934 watu wachache waliokuwa kwenye kituo cha hali ya hewa kileleni walipima upepo wa kilomita 372 kwa saa. Rekodi hiyo ilidumu mpaka mwaka 1996, kimbunga kilipopita Barrow Island, Australia, na mtambo usio na mtu ukasoma 408. Lakini kwa upepo uliopimwa na binadamu aliyekuwepo hapo hapo anautazama, huo wa 1934 haujapitwa. Februari 2023 kilele hicho kilishuka hadi nyuzi 44 chini ya sifuri, na ukijumlisha upepo, ngozi ilikuwa inapigwa na kitu sawa na nyuzi 78 hasi.

Wala si lazima iwe theluji. Septemba 1855 msichana wa miaka 23, Lizzie Bourne, alipanda na jamaa zake wawili kwa miguu, wakiwa wameondoka alasiri. Giza na upepo vikawakuta juu. Alifia usiku huo huo, na kulipokucha wenzake wakaona kwamba nyumba ya wageni ya kileleni ilikuwa mwendo mfupi tu kutoka walipojibanza. Mavazi ya wanawake wa wakati ule yalikuwa marefu, mazito, ya kunywa maji. Nilikuwa nimekisoma kisa hicho usiku wa kuamkia safari, nikiwa nimelala chali kitandani, na ile fulana mwilini.

Usiku huo pia tulikuwa tumesoma taarifa mbili, moja ya hali ya hewa kutoka kituo cha kileleni, nyingine ya maporomoko ya theluji kutoka kituo cha maporomoko cha mlima huo huo. Hii ya pili ndiyo shemeji anayoisoma kama wengine wanavyosoma mkataba. Theluji haiporomoki popote tu. Sehemu kubwa ya maporomoko hutokea kwenye miteremko ya kati ya nyuzi 30 na 45. Ukiwa chini ya hapo theluji inatulia, juu sana ya hapo haikai vya kutosha. Hatari kubwa ni ubao uliokaa juu ya sukari, tabaka gumu juu ya chembe zisizoshikana, unaongoja tu mzigo. Mzigo ni wewe. Ndiyo maana wakati wa baridi njia ya kawaida ya kupitia jabali la Lion Head hufungwa, kwa sababu inakatiza miteremko ya aina hiyo, na watu hupelekwa kwenye njia nyingine iliyo wima zaidi lakini yenye miti. Siku hiyo hatari ya maporomoko ilikuwa ndogo. Upepo ulitabiriwa kuanza na kilomita 60 kwa saa na kuongezeka kuanzia mchana.

Pale njia ya majira ya baridi ya Lion Head inapoanza, karibu kilomita tatu kutoka maegeshoni, tukavaa kramponi. Hizi ni vyuma vyenye meno vinavyofungwa chini ya kiatu. Mwingereza Oscar Eckenstein alibuni za meno kumi mwaka 1908, zikafuliwa na mhunzi Henry Grivel wa Courmayeur, na mwaka 1929 mwana wa Grivel, Laurent, akaongeza meno mawili yanayotazama mbele. Nilipoambiwa habari hiyo tukizifunga nilitikisa kichwa tu. Dakika ishirini baadaye, nikiwa nimening'inia kwenye mwinuko wa kioo, mkono mmoja umeshika sururu ya barafu na mwingine umekumbatia mzizi, nilimwombea dua huyo Laurent kwa jina.

Mwinuko huo ulinimaliza. Haukuwa mrefu, ila hapakuwa na mahali pa kupumzika. Nilikuwa napiga teke, napiga sururu, najivuta, na sweta lile lile nililolificha. Nilisikia mfereji mdogo wa jasho ukianzia katikati ya mabega, ukishuka uti wa mgongo taratibu, ukisita kwenye mkanda wa begi, kisha ukapita. Nakumbuka nilifurahi. Niliona ni kazi.

"Unatoka jasho?" sauti ya juu iliuliza.

"Kidogo."

Juu ya mwinuko miti ilianza kufupika. Misonobari iliyokuwa ya kimo cha nyumba ikawa ya kimo cha mtu, halafu ya magoti, matawi yote yamepinda upande mmoja, kama kundi la watu wanaokimbia wakiwa wamegeuziwa migongo. Kila kijiti kilikuwa kimevaa barafu yenye umbo la manyoya. Barafu hiyo hutokana na ukungu ambao matone yake yako chini ya sifuri lakini bado ni maji, yakigusa chochote yanaganda papo hapo. La ajabu ni kwamba manyoya hayo hukua kuelekea upepo unakotoka, siyo unakokwenda. Shemeji anayasoma kama dira. Nilijaribu kuligusa moja, likavunjika kwa mlio mdogo wa glasi.

Katika jimbo la jirani, Vermont, mkulima mmoja aitwaye Wilson Bentley alipiga picha ya kwanza ya chembe moja ya theluji mwaka 1885, akiunganisha kamera na hadubini, na mpaka anakufa mwaka 1931 alikuwa amepiga zaidi ya 5,000. Namtaja kwa sababu wakati shemeji anafungua begi chembe kadhaa zilitua kwenye glavu yangu nyeusi, nikaziona kwa macho yangu bila hadubini. Pembe sita, kila pembe na vitawi vyake, kama mtu amekaa kitako akakata karatasi. Nilizitazama kwa muda mrefu kuliko ilivyostahili. Nadhani akili ilikuwa imeanza kuzubaa.

Pale miti inapoishia ndipo pa kuvaa kila kitu, maana hatua chache mbele hakuna tena kinga. Kwenye njia kadhaa za mlima huo, mahali kama hapo, kuna kibao cha njano kinachosema: simama, eneo lililo mbele lina hali ya hewa mbaya kuliko zote Marekani, wengi wamefia humo kwa baridi hata wakati wa kiangazi, rudi sasa kama hali ya hewa ni mbaya. Sijaona kibao kingine cha serikali kilichoandikwa kwa lugha nyoofu kiasi hicho.

Tulivaa makoti, tukafunika uso, tukavaa miwani ya theluji. Mwanga wenyewe ni sababu tosha ya kuivaa, kwa kuwa theluji mpya hurudisha sehemu kubwa kabisa ya mwanga unaoipiga na macho huungua kama ngozi. Tukanywa kutoka thamosi. Chupa za maji shemeji huziweka kichwa chini, kwa sababu maji huanza kugandia juu, na hivyo kizibo kinabaki huru. Nikatoa simu nipige picha. Ilikuwa na chaji asilimia 70 tulipoondoka. Ilizimika mkononi.

Tukatoka kwenye miti.

Upepo wa kilomita 60 kwa saa si upepo wa kupeperusha kofia. Nguvu yake inakua kwa kipeo cha pili cha kasi, maana yake kasi ikiwa mara mbili msukumo ni mara nne, na kila mpulizo mkali ulinisogeza upande kama mtu anayetaka kupita. Hewa ilikuwa nyuzi 20 hasi. Kwa upepo ule ngozi iliyo wazi inapoa kana kwamba ni nyuzi 36 hasi, na inaweza kuganda kati ya dakika 10 na 30. Theluji haikuwa inaanguka, ilikuwa inasafiri, inapita chini chini juu ya mawe kama moshi, ikinifunika miguu mpaka nikawa naona natembea bila nyayo. Lion Head yenyewe, lile jabali kwenye mita 1,500 na ushei, lilikuwa mbele yetu, linaonekana, halionekani.

Baada ya dakika tano hivi fulana ilinikumbusha kuwa ipo.

Haikuja kama baridi ya kawaida inayoanzia vidoleni. Ilianzia mgongoni, pale pale mfereji ulipopita, kipande cha ukubwa wa kiganja, halafu kikapanuka. Nikawa kama nimeegemea ukuta wa bafuni. Nikijikunja inashika tumbo, nikijinyoosha inashika mabega. Koti lilikuwa zuri, sweta lilikuwa zuri, havikuwa na kazi, kwa sababu baridi ilikuwa imeshaingia na kufunga mlango kwa ndani. Nikataka kupandisha zipu ya shingoni. Nikavua glavu ya juu. Kamba ya zipu ilikuwa uzi mdogo tu wenye fundo, niliuona vizuri kabisa, nikaushika, ukatoka. Nikaushika tena. Vidole viliufikia, vikaubana, lakini habari haikurudi. Sikujua kama nimeushika mpaka nitazame. Nilijaribu mara tano au sita huku nikiwa na hasira ya kitoto na uzi ule.

Shemeji akarudi nyuma. Akaweka uso wake karibu na wangu, miwani kwa miwani.

"Gusa kidole gumba kwa kidole cha mwisho."

Nilisema sawa. Nilitazama mkono wangu ukijaribu. Kidole gumba kilifika katikati ya kiganja kikakaa hapo.

"Sema jina la dada yako lote, na la baba."

Nikalisema, lakini ulimi ulikuwa mzito, kama mtu aliyetoka kung'olewa jino. Nilinuna pia, nakumbuka. Nikamwambia aache kunitania. Baadaye alinieleza kwamba hayo ndiyo anayoyatafuta kwa mtu, akiyaona mawili kwa pamoja hangoji la tatu: kujikwaa, kuangusha vitu, kumumunya maneno, na kununa bila sababu. Joto la ndani ya mwili likishuka chini ya nyuzi 35 ubongo ndio unaoanza kudanganywa, kwa hiyo mhusika ndiye wa mwisho kujua. Kileleni palikuwa pamebaki mita 400 hivi za kupanda. Hatukujadiliana. Alinigeuza kwa mabega kama unavyomgeuza mtoto anayelala akitembea, tukateremka hadi kwenye miti.

Nyuma ya jabali lenye misonobari mifupi alikanyaga theluji mpaka ikawa sakafu, akanikalisha juu ya begi, akaanza kunifungua zipu mwenyewe. Koti. Sweta, akalitazama sekunde moja. Halafu akafika kwenye fulana.

Hakusema neno. Kuna kunyamaza kwa mtu asiye na la kusema, na kuna kunyamaza kwa mtu anayelitafuna lisitoke. Alinivua fulana ile kichwani kwa mkupuo mmoja, na kwa muda ambao sitausahau nilikuwa kifua wazi kwenye nyuzi 20 hasi, na naapa nilisikia afadhali. Akanivisha shati lake la akiba la sufu, koti lake la manyoya ya bata, koti langu juu yake, kofia mbili. Akanishikisha thamosi kwa viganja viwili, akanisukumia peremende mdomoni. Kisha akaanza kunifanya nichuchumae na kusimama, nichuchumae na kusimama, huku akihesabu kwa sauti kama mwalimu wa mchakamchaka. Kufikia thelathini nikaanza kutetemeka, kutetemeka kwa meno yote. Hapo ndipo alipopumua.

"Vizuri," alisema. "Ukitetemeka mwili bado unafanya kazi."

Nikaangalia pembeni. Fulana yangu alikuwa ameitupa juu ya tawi. Ilikuwa imesimama. Mikono imetandazwa, shingo wazi, kifua kimevimba kidogo, ngumu kama iliyochongwa, ikipigwa na upepo bila kupepea. Haikuwa imemaliza hata dakika nne. Alijaribu kuikunja aitie mfukoni, ikakataa. Mwishowe aliifunga nyuma ya begi langu, mkono mmoja umechomoza juu ya bega, na hivyo ndivyo nilivyoteremka Mount Washington, nikiwa nimebeba mtu bapa asiye na kichwa. Tulipishana na wapandaji wanne. Wote walitupa salamu, wote waliitazama fulana, na hakuna aliyeuliza. Mmoja, mwanamke wa makamo, aliinama kidogo kama anavyofanya mtu akipishana na jeneza.

Kuteremka hakuhitaji maelezo mengi. Magoti huuma, kioo kinatisha zaidi kikiwa chini yako, na saa kumi na moja kasoro jua limeshazama. Kwenye gari joto lilipoanza kuvuma fulana iliyokuwa kiti cha nyuma ilianza kulegea. Kwanza kola, halafu mkono mmoja ukashuka polepole, halafu wa pili. Shemeji alikuwa anaitazama kwenye kioo.

Tangu siku hiyo nimepanda misimu minne ya theluji, na kilele chenyewe nimekifikia mara mbili. Majengo ya juu hufungwa kwa wageni wakati wote wa baridi, kwa hiyo unagusa kibao, unapiga picha moja simu ikikubali, unageuka. Sasa naondoka maegeshoni nikitetemeka kidogo. Nikisikia vuguvugu shingoni nasimama navua, hata wenzangu wakinung'unika. Nimekuwa mtu wa kuchosha kutembea naye, naambiwa.

Usiku ule tulifika nyumbani saa mbili. Dada alitoka kutupokea mabegi, akaanza kutoa nguo moja moja kuzitundika: koti kavu, sweta kavu, soksi kavu, shati la mumewe kavu. Chini kabisa akaikuta fulana. Akaikamua kidogo kwa vidole viwili, maji yakadondoka sakafuni.

"Mbona hii peke yake ni mbichi?"

Shemeji akainama kufungua kamba za viatu, viatu ambavyo alikuwa ameshavivua mlangoni.